Mdogo wangu anatoka Kirinya baada ya miaka minane, alale wapi?

"Mdogo wangu wa kiume alihukumiwa miaka 12 kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Tumeambiwa atatoka baada ya miezi miwili, akiwa amekaa miaka 8 tangu hukumu, na sasa yuko gereza la Kirinya, Jinja. Mama ni mzee, anataka mwanawe arudi nyumbani. Mume wangu hataki alale kwetu kwa sababu tuna watoto watatu, wa kwanza ni msichana wa miaka 13. Mjomba anasema tumvushe mpaka aende Nairobi akaanze upya mahali asipojulikana. Mzee aliyeibiwa bado yuko hapa hapa Busia, na duka lake liko hatua chache kutoka kwa mama. Nimesikia serikali ina nyumba za kuwapokea wanaotoka jela, wakae humo mpaka warekebike. Ziko wapi, na tunajiandikishaje? Tena, miaka 12 imekuwaje 8? Naogopa akitoka mapema askari watamrudisha. Nampenda, lakini sijui jela imemfanya nini. Humo ndani amejifunza useremala."

Dada yangu, umeuliza mengi kwa pamoja, na lile lililokusukuma kuandika naliona umeliacha karibu na mwisho: hujui ni mtu gani atakayetoka kwenye lango lile. Nitafika hapo. Kwanza niondoe mambo mawili yatakayokula muda wako bure, maana miezi miwili si mingi.

Nyumba za serikali unazozisikia hazipo kwa namna hiyo. Uganda haina mtandao wa kitaifa wa nyumba za mpito ambako mtu mzima aliyemaliza kifungo hujiandikisha na kupewa kitanda. Wengi wanaozitaja huwa wamesikia habari za Kampiringisa kule Mpigi, lakini kile ni kituo cha watoto waliokosana na sheria, na mtu wa umri wa mdogo wako hapokelewi. Kilichopo ni kazi ya mashirika na ya madhehebu ya dini. Prison Fellowship Uganda hufuatilia wafungwa ndani na baada ya kutoka. Advance Afrika imefanya kazi kubwa kaskazini na vijana wanaotoka magerezani, hasa kuwafundisha biashara ndogo na kuzungumza na familia zao kabla hawajarudi. Kwa kulala, nafasi zinazopatikana kwenye vituo vya namna hii ni chache na huombwa mapema. Njia fupi ya kujua kama kuna nafasi kwa mtu wa Busia ni kumuuliza afisa ustawi wa gereza la Kirinya, au padri, mchungaji au shehe anayewatembelea wafungwa. Hao ndio wanaojua mlango upi uko wazi mwezi huu. Nenda mwenyewe, usipige simu tu.

Kuhusu miaka 12 kuwa 8, hakuna ujanja uliofanyika. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 inampa mfungwa mwenye nidhamu punguzo la theluthi moja ya kifungo. Theluthi ya 12 ni 4, inabaki 8. Punguzo hilo ni tofauti na parole za nchi nyingine, ambako mtu hutoka akiwa bado chini ya uangalizi na kuripoti kwa afisa kila wiki. Mdogo wako akitoka, kifungo kimekwisha. Hakuna askari atakayemrudisha kwa sababu ya ile miaka minne.

Lakini hapo hapo ndipo penye shida yake. Kwa kuwa hakuna anayemwangalia, hakuna anayemsaidia pia. Asubuhi moja anatoka kwenye gereza alikolishwa, alikohesabiwa na kufungiwa kila siku kwa miaka minane, na ikifika saa sita mchana yuko barabarani, hana simu, na hakuna ofisi inayomngoja. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilipitishwa mwaka 2015, na Kanuni ya 108 inataka anayetoka awe na hati zake, mavazi, mahali pa kuishi, kazi, na nauli ya kufika kwao. Kwetu, sehemu kubwa ya hayo hubebwa na familia. Naona si haki kwenu, na nimelisema hilo kila nilipopata nafasi. Ila lango litafunguliwa baada ya miezi miwili, kwa hiyo tupange kwa kile kilichopo.

Sasa, jela imemfanya nini? Watu wengi hudhani mtu hutoka akiwa ama mnyama ama malaika aliyetubu. Ninaowaona mimi kwa kawaida hutoka wakiwa watu waliosahau kuamua. Fikiria siku yake. Anaamshwa, anachuchumaa kuhesabiwa, anaambiwa lini ale na lini aoge, anapangiwa kazi, anahesabiwa tena, mlango unafungwa kwa nje. Wodini kuna katikiro, mfungwa mwenzao anayesimamia nani alale wapi. Kwa miaka minane hajagusa kitasa cha mlango akaufungua mwenyewe kwa sababu amejisikia kutoka. Uwezo wa kuamua mambo madogo ni kama mguu uliokaa kwenye plasta: haukukatwa, lakini ukiivua plasta leo, kesho hutembei mwendo wa zamani.

Kijana mmoja niliyewahi kumsindikiza kwao alikuwa akisimama mbele ya mlango wa chumba na kungoja. Mama yake alidhani ananuna. Alikuwa anangoja kufunguliwa, na yeye mwenyewe hakujua kwamba anangoja. Mwingine alilala sakafuni kando ya kitanda kwa karibu mwezi mzima, kwa sababu kitanda kilikuwa laini mno na giza lilikuwa kimya mno. Mwingine akipelekwa sokoni alitoka jasho na kuomba arudishwe nyumbani. Usishangae mdogo wako akila haraka huku mkono umezunguka sahani, akificha vitu, akikasirika mtu akimgusa kwa nyuma, au akikujibu "ndiyo afande" bila kutaka. Ndani ya wodi iliyojaa, tabia hizo ndizo zilizomlinda. Huku nje zinaonekana kama kiburi au hasira, familia inaumia, inamjibu kwa ukali, naye anaanza kuwatafuta wale wanaomwelewa bila maelezo: wenzake wa ndani.

Nyumba ya mpito, mahali inapofanya kazi vizuri, inatibu jambo hilo hasa. Kitanda ni sehemu ndogo. Humo anarudishiwa maamuzi kidogo kidogo. Wiki ya kwanza anaamua atakula nini. Wiki ya tatu anapewa hela ya sabuni na nauli, anazipanga mwenyewe. Mwezi wa pili ana ufunguo. Kuna mtu mmoja, na ni yule yule, anayekaa naye mara moja kwa wiki na kumuuliza mambo yanaendaje, na kuna tarehe ya kuondoka inayojulikana tangu siku ya kwanza. Mambo hayo yanaweza kufanyika Busia, kwenye chumba cha kupanga, bila kibao mlangoni. Ndiyo maana sitaki ukae ukingoja nafasi Kampala kana kwamba bila hiyo hakuna linalowezekana.

Ukipata nafasi kwenye kituo, tembelea kabla ya kukubali. Uliza mtu anakaa muda gani na akitoka anaenda wapi. Uliza kama dawa zake ataendelea kuzipata, kama ndugu wanaruhusiwa kuja bila kutoa taarifa, na kama anaweza kutoka nje akitaka. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kuna mahali panapojiita pa kurekebisha watu ambako mtu hufungiwa, hupigwa, au hukatazwa chakula ili aombe. Mdogo wako amemaliza kifungo chake. Hakuna mwenye haki ya kumfungia tena kwa jina la kumsaidia, hata kama familia imelipa ada.

Tuje kwenye milango mliyonayo.

Nairobi naikataa moja kwa moja, na umwambie mjomba nimesema kwa heshima. "Mahali asipojulikana" maana yake ni mahali ambapo hakuna atakayemkopesha kikombe cha unga. Atakayempokea huko ni nani? Tena, Mganda huvuka kwenda Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na yeye huenda hana kinachofanya kazi. Vitambulisho vyetu vya kwanza vilianza kutolewa mwaka 2014 na muda wake ulikuwa miaka 10. Kama alikuwa nacho kabla ya kukamatwa, huenda kimekufa. Kumvusha kwa njia za panya ni kumrudisha mikononi mwa polisi wa nchi nyingine kabla hajazoea hata kutembea barabarani.

Kwako, shemeji ana haki ya kusita, wala usimwone mkatili. Ila hofu yake itenganisheni vipande viwili. Kama mdogo wako aliwahi kumdhuru mtoto, au kumfanyia mtu wa nyumba yenu ukatili wowote, hata usiofikishwa mahakamani, asilale kwenu hata usiku mmoja, na binti yako asiachwe naye peke yake. Hilo halina mjadala. Kama hakuna kitu kama hicho, basi kinachobaki ni kwamba watoto wanapokea mtu mzima wasiyemfahamu. Hata hapo nisingemweka ndani ya nyumba yenye msichana wa miaka 13 mwezi wa kwanza. Simtuhumu. Nyumba iliyojaa, yenye wasiwasi, ambamo kila sauti usiku inaamsha watu wawili, haimsaidii yeyote. Mwambie binti ukweli kwa maneno machache: mjomba wako alifanya kosa, ameadhibiwa, anarudi, na akihisi lolote lisilo sawa kutoka kwa mtu yeyote aje kwako kwanza. Namba ya bure ya Sauti, 116, nayo aijue. Kila mtoto Uganda anapaswa kuijua.

Kwa mama kuna upendo, na kuna duka la yule mzee. Nitarudi hapo.

Ushauri wangu ni huu: mpangieni chumba kimoja, muzigo wa kawaida, umbali wa kutembea kutoka kwako lakini upande mwingine wa mji kutoka dukani. Alale huko. Ale kwako au kwa mama mara moja kwa siku, saa ile ile. Kodi ya miezi mitatu mchangiane, wewe, mjomba na ndugu wengine, na mtu mmoja tu ashike hela hizo na kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Na mwenye nyumba aambiwe ukweli. Najua hili linatisha, lakini akigundua wiki ya pili kutoka kwa majirani, atamtoa usiku. Akiambiwa mapema, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na akaona kuna ndugu aliyesimama nyuma yake, wengi hukubali. Wengine watakataa, mtatafuta kwingine. Kwa mwenyekiti mtaenda kwa vyovyote, maana barua yake ya utambulisho ndiyo itakayofungua ofisi nyingi baadaye, na ni afadhali asikie habari kwenu kuliko kwenye baraza la pombe.

Kama hela ya chumba haipatikani kabisa, basi aende kwa mama, lakini si kabla ya jambo la mzee mwenye duka kushughulikiwa.

Huyu mzee mara nyingi husahaulika katika hesabu hizi, na mimi simsahau. Aliibiwa kwa nguvu. Kwake yeye miaka minane inaweza kuwa jana. Siku atakapomwona mdogo wako akipita mbele ya duka bila yeye kuambiwa, atahisi ameibiwa mara ya pili, na majirani wakimwona ametaharuki kunaweza kutokea kitu kibaya sana. Wewe unajua wananchi wenye hasira hufanya nini kwa mtu anayeitwa mwizi. Kwa hiyo nendeni mapema, wiki hizi hizi, yeye akiwa bado ndani. Asiende mama, na wewe usiende peke yako. Tumeni watu wazima wawili anaowaheshimu, mmoja awe kiongozi wa dini yake. Wasiende kuomba msamaha ili yaishe. Waende kumpa habari: anatoka tarehe fulani, atalala mahali fulani, tumekuja ili usishtuke, na tunataka kusikia wewe unataka nini. Pengine atataka mdogo wako asipite njia ile. Mkubalieni. Pengine atataka kurudishiwa kitu. Sikilizeni, msiahidi siku hiyo. Pengine atawafukuza, na hiyo pia ni haki yake. Waacholi wana mato oput, ibada ya upatanisho yenye hatua zake na wazee wake, kwa mambo ya damu. Kila kabila lina namna yake, na wazee wenu wataijua iliyo yenu. Mdogo wako mwenyewe asimwendee mzee kwa kushtukiza, hata kama moyo unamsukuma.

Kabla hajatoka, mtembelee angalau mara mbili. Mara ya kwanza muulize yeye anataka kuishi wapi. Mmekuwa mkizungumza juu yake, mama, mume, mjomba na mimi, na hakuna aliyemuuliza. Mara ya pili onana na afisa ustawi. Muulize tarehe kamili na uiandike. Uliza kuhusu cheti chake cha useremala, kama alipimwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, na kama atatoka nacho mkononi. Uliza kama ana akiba yoyote ya malipo ya kazi, hata iwe ndogo. Uliza pia kuhusu ruhusa ya muda: sheria ile ile ya 2006 inampa Kamishna Mkuu wa Magereza uwezo wa kumruhusu mfungwa wa miaka mitatu au zaidi atoke kwa muda maalum katika miezi sita ya mwisho. Siahidi kwamba atapewa. Lakini asiyeuliza hapewi.

Halafu kuna dawa. Mtu anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu gerezani lazima atoke na barua ya kumhamishia kituo cha karibu na kwao, kwenu pengine hospitali ya Masafu. Usimuulize mbele ya watu. Mwambie tu, faraghani: kama kuna dawa unazotumia, omba barua, sitauliza ni za nini. Nimeona watu waliokuwa na afya njema ndani wakidhoofika nje kwa sababu waliona aibu kubeba karatasi hiyo nyumbani.

Na pombe. Marafiki watakuja na waragi kumsherehekea. Mwili ambao haujanywa kwa miaka hauwezi kubeba kile ulichobeba zamani, na vivyo hivyo kwa dawa za kulevya. Utafiti uliofanyika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya mtu kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na sababu kubwa ilikuwa dawa za kulevya kupita kiasi. Busia si Washington. Lakini ile sherehe ya siku ya kwanza ifanyeni kwa chai na chapati, na muifanye ndogo.

Kazi nitaigusa kwa kifupi kwa sababu mna mahali pa kuanzia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe ni msumeno. Mtafutieni fundi seremala wa mjini atakayekubali awe msaidizi, hata kwa malipo ya chakula mwezi wa kwanza, na mkipata hela mnunulieni randa, patasi na nyundo kabla ya kumpa pesa taslimu. Kazi za kuajiriwa zinazodai cheti cha polisi cha mwenendo mwema zitamkataa kwa sasa, msimtume huko akavunjike moyo. Mkopo wa mpango wa maendeleo wa parishi, ule wa hadi shilingi milioni moja, usubiri mpaka awe na kitambulisho, kikundi na angalau miezi sita ya kazi. Deni la mapema limewarudisha wengi kwenye njia ya zamani. Kitambulisho ndicho cha kuanza nacho wiki ya kwanza, maana bila hicho hasajiliwi laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hakuna hela ya simu.

Kuna mambo ambayo hayangoji barua kwangu. Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akikaa siku kadhaa bila kulala wala kula, akizungumza juu ya kufa au kuanza kugawa vitu vyake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, Masafu au Tororo, nao watawaelekeza kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Butabika iko Kampala kwa hali nzito zaidi. Akimtishia mtu wa nyumbani, au ukiona silaha, ondoeni watoto kwanza, kisha mwenyekiti na polisi. Kumwita polisi siku kama hiyo hakumaanishi umemtupa. Na wewe mwenyewe, ukianza kuogopa kurudi nyumbani kwako, usinyamaze kwa sababu ni damu yako.

Asubuhi ya kutoka uwepo langoni. Kutoka Busia hadi Jinja ni safari ndefu kupitia Bugiri na Iganga, kwa hiyo nenda jana yake ulale kwa mtu. Watu hutoka mapema, na asipokuona atafuata atakayemwita wa kwanza, na kando ya lango kunaweza kuwa na mtu wa namna hiyo. Mpelekee suruali, shati na viatu. Mguu wa mtu hubadilika kwa miaka minane, kwa hiyo ukimtembelea safari hii muulize sasa anavaa namba ngapi.